UZI: Bastola Glock 22 ya mtumba, bajeti dola 600. Nimeshainunua, njooni mnikosoe

MpigaManati_HTX
Wakuu habarini. Nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu muda mrefu, leo nafungua uzi wangu wa kwanza, mnivumilie.

Niweke wazi kabla mawe hayajaanza kurushwa. Niko Houston, Texas, nina kadi ya kijani. Nimenunua dukani kihalali: fomu 4473 ya serikali ya kununulia silaha nimejaza, rekodi zangu zimekaguliwa, nikaondoka na boksi langu. Mlio Bongo na Kenya someni kama hadithi za shamba la jirani.

Mzigo wenyewe ni Glock 22 kizazi cha 3, ya risasi za .40, iliyokuwa ya polisi. Dola 319 na magazini tatu, kodi ya 8.25% ikaifikisha 345.32. Slaidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga) imechubuka rangi karibu na mdomo, kazi ya kuchomolewa na kurudishwa kwenye ala miaka nenda rudi. Ila fungua ndani sasa! Mtutu unang'aa kama sufuria ya mama mkwe. Hizi za polisi ndivyo zilivyo, zimebebwa sana, zimepigwa kidogo.

Kwa nini bei chee? Mwaka 1986 pale Miami FBI walikutana na majambazi wawili wakapoteza maofisa wawili, na lawama nyingi zikaangukia risasi ya 9mm waliyokuwa wakitumia. Wakaanza kutafuta kitu chenye nguvu zaidi, na kufikia 1990 ikaingia sokoni .40 S&W. Idara za polisi nchi nzima zikaikimbilia. Miaka ya katikati ya 2010 FBI haohao wakarudi kwenye 9mm, kwa vile risasi za siku hizi zimeboreshwa na 9mm inatulia mkononi. Idara zikafuata tena. Basi .40 zao zimejaa madukani kama mitumba ya Karume.

Nataka iwe ya mashindano ya shabaha ya Jumamosi ya hapa mtaani na ya kulinda nyumba. Bajeti ya kila kitu, yenyewe ikiwemo, dola 600. Zimebaki 254 na ushee. Mngeanzia wapi?

DadaWaRenji
Hongera kaka. Mimi nafanya kazi kwenye renji (uwanja wa kulengea shabaha) Minneapolis mwaka wa sita sasa, hizi za polisi nimezishika nyingi. Kabla hujawasha kompyuta kununua makorokoro, fanya mambo mawili.

La kwanza, badilisha springi kubwa iliyo chini ya mtutu. Hujui ina umri gani, na hata aliyekuuzia hajui. Ni dola kumi na kitu. Uzuri wa kizazi cha 3 ni kwamba springi ya 22 na ya Glock 17, ndugu yake wa 9mm, ni ileile moja, hutakosa. Na springi za magazini usizisahau. Zile magazini zimekaa zimejaa risasi kwenye mkanda wa mtu, zamu kwa zamu.

La pili, zima taa uangalie saiti, vile vidude vya kulengea juu ya slaidi. Polisi wengi waliwekewa saiti za usiku zenye tritiamu. Ile ni gesi ya mionzi, kila miaka 12.3 inapungua nusu. Baadhi zimegongwa mwaka wa kutengenezwa. Nijibu ukishaona.

MpigaManati_HTX
Dada nimeingia chooni nikazima taa, mke wangu akaniuliza nafanya nini humo na bastola. Nimeona vidoti viwili vya nyuma kwa shida, cha mbele hakuna kitu. Nimesoma ubavuni, zina miaka 14.

DadaWaRenji
Basi umebakiwa na chini ya nusu ya mwanga. Mchana zitakufaa bado, ila mashindano ya mchana hayahitaji tritiamu hata kidogo. Weka za chuma za kawaida, nyuma nyeusi tupu, mbele yenye uzi wa rangi unaodaka mwanga. Ameriglo wana seti za bei nafuu.

fundi_bisibisi
Mkuu, mimi ningeiuza hivyohivyo ninunue 9mm moja kwa moja. Risasi za .40 ni ghali, utafilisika kwenye mazoezi.

MpigaManati_HTX
Hapo ndipo ninapokwenda mkuu. Kuna mitutu ya kugeuzia: nje ina unene wa .40 ili ikae sawasawa kwenye slaidi, ndani tundu la 9mm. Unaudondosha ndani, unatia magazini za Glock 17, umemaliza. Dukani ninaponunua boksi la 9mm natoa senti 25 kwa risasi, .40 natoa 38. Ukipiga 200 kwa wiki, hesabu mwenyewe.

DadaWaRenji
Sawa, lakini niseme kwa herufi kubwa kwa wanaosoma na hawachangii: MTUTU WA GLOCK 17 WA KIWANDANI HAUINGII KWENYE SLAIDI YA 22. Utaingia kwa macho, lakini ni mwembamba, unacheza. Na 9mm usiitie kamwe kwenye mtutu wa .40. Kuna mteja alichanganya maboksi kwenye meza moja. Ganda lilitoka limefura kama andazi, na risasi yenyewe sijui ilielekea wapi. Meza moja, aina moja ya risasi.

BandugaKY
Bandugu jambo. Miye niko Louisville, nilitoka Bukavu. Minauliza tu: mutoto wa dada yangu iko hapa na viza ya masomo, anataka kununua pia. Anaweza?

MpigaManati_HTX
Karibu ndugu. Viza ya masomo ni hapana, sheria ya shirikisho inamkataza hata kumiliki, achilia mbali kununua. Kuna mlango mdogo kwa mwenye leseni halali ya uwindaji, ila asiingie mlango huo bila kumuona wakili wa uhamiaji. Mwenye kadi ya kijani ni ruksa. Na wewe usimnunulie kwa jina lako, hilo ni kosa kubwa, fomu inakuuliza waziwazi kama mnunuzi halisi ni wewe.

BandugaKY
Aksanti sana. Nitamwambia afunge kinywa na asome.

Kijana_wa_Dallas
Wakuu kuna kile kidude cha nyuma ya slaidi kinafanya ipige mfululizo, nimekiona mtandaoni dola 20 tu na usafiri bure. Kinaingia kwenye kizazi cha 3?

Msimamizi
Ujumbe uliofuata na kiungo chake nimevifuta. Kidude hicho peke yake, hata kikiwa droo bila bastola, sheria ya Marekani inakihesabu kuwa bunduki ya rashasha. Kifungo hadi miaka 10 na faini hadi dola 250,000. Kwa sisi tusio raia kuna nyongeza: kosa la silaha ni sababu tosha ya kurudishwa ulikotoka, kadi ya kijani haikuokoi. Suala hili halijadiliwi humu. Uzi uendelee.

Mzee_wa_Mgulani
Nawasoma kutoka Mbagala. Enzi zetu jeshini silaha ilikuwa ya serikali, ukikwaruza rangi tu unaeleza. Leo mtu anabadilisha mtutu sebuleni kama anabadilisha betri ya rimoti. Huku nyumbani, vijana mnaosoma, tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Usiagize kipuri cha bastola mtandaoni kikaja na vifurushi vya nguo. Utaenda kukipokea mbele ya askari.

Swali kwako Manati. Kabla hujabadilisha chochote, umeipiga risasi ngapi kama ilivyo?

MpigaManati_HTX
Shikamoo mzee. Swali lako nitalijibu, nipe muda kidogo.

Wakuu, mrejesho wa wiki mbili. Risiti ninazo zote:

Springi kubwa 12. Springi za magazini tatu, 21. Saiti za chuma 48. Bisibisi maalumu ya skrubu ya saiti ya mbele 9. Mtutu wa kugeuzia 115. Magazini mbili za 9mm, Magpul, 28. Jumla 233. Ukijumlisha na bastola 578.32. Nilikuwa ndani ya bajeti, nikajipongeza na soda.

Kazi ya saiti niisimulie. Ya nyuma imekaa kwenye mfereji unaokata slaidi kwa upana. Wanaojua wana kifaa cha kuisukumia, mimi nilibana slaidi kwenye jiriwa, nikazungushia ngozi ya mkanda wa zamani, nikagonga na panchi ya shaba. Kidogo, pima na rula, kidogo tena. Saa nzima. Ya mbele mnasema rahisi? Imeshikwa kwa skrubu moja kutoka chini ya slaidi, kichwa chake hakifiki punje ya mchele. Ilinitoka kwenye vidole ikaangukia kapeti. Kapeti la manyoya! Tumetafuta mimi, mke, na binti yangu wa miaka saba na tochi. Sumaku nimepitisha. Hakuna. Bahati nzuri saiti mpya zilikuja na skrubu yake, lakini niliitaka ile ya zamani iwe akiba.

Mshikio. Wenzetu wanauchoma kwa chuma cha kulehemu ili ukwaruze, wengine wananunua mikono ya mpira dola 15. Mimi nimekata kipande cha tyubu ya baiskeli ya binti yangu iliyopasuka, nikaloweka maji ya sabuni, nikauvisha mshikio kama soksi. Imebana vilivyo, haitelezi hata mkono ukiwa na jasho. Tyubu ileile tuliyokuwa tunakatia mipira ya manati Morogoro. Gharama: sifuri.

fundi_bisibisi
Hahaha tyubu! Picha mkuu, picha.

Otis_Mpls
Niko mji mmoja na Dada hapo juu. Nilifanya hiyo ya tyubu kwa Glock 19 yangu, iko na miezi nane sasa na bado poa. Cheki tu isifunike kile kitufe cha kutoa magazini. Yangu ilikuwa inashuka kidogo kidogo mpaka siku moja magazini ikakataa kutoka nikiwa mbele ya watu.

DadaWaRenji
Kazi nzuri kaka. Skrubu ulitia gundi ya nyuzi? Ile ya bluu, tone dogo. Bila hiyo inaweza kufunguka, na saiti itaruka utafute tena na tochi.

MpigaManati_HTX
Nilitia dada.

Sasa aibu. Mnakumbuka nilikuwa 578? Usiku mmoja nikiwa sina usingizi nikaona seti ya triga (kifyatulio), dola 39: konekta nyepesi (kibati cha ndani kinachopunguza uzito wa triga), springi tatu za rangi tofauti, na picha ya jamaa mwenye misuli. Nikabonyeza. Jumla 617.32, bajeti imekwisha kupasuka. Nikafunga zote siku hiyohiyo, na ile springi nyepesi ya pini inayogonga risasi nikaiweka pia. Triga ikawa tamu, laini kama siagi ya Arusha.

Jumamosi nikaenda mashindano. Kituo cha kwanza safi. Cha pili, shabaha ya tatu: *klik*. Nikagonga magazini chini, nikavuta slaidi, nikaendelea. Risasi mbili mbele: *klik* tena. Nilipiga 32 siku hiyo kwenye vituo viwili, tano zikagoma. Nimeziokota. Kwenye kitako cha ganda, mahali pini ilipogonga, kuna kidoa kidogo kama alama ya kucha kwenye sabuni. Zilizopiga vizuri zina shimo la kueleweka.

DadaWaRenji
Nilijua. Springi ya kiwandani ya pini ina nguvu ya ratili tano na nusu, hizo za kwenye seti mara nyingi ni nne. Triga inakuwa nyepesi kwa sababu umeinyang'anya pini nguvu. Baadhi ya risasi zina fataki (kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) ngumu, hasa za bei nafuu unazonunua, hazikubali kugongwa kwa upole. Ni bora ikugomee renji kuliko mlangoni usiku.

Rudisha springi ya kiwandani leo. Konekta nyepesi ukitaka bakisha kwa mashindano, ila mimi kwenye bastola ya nyumbani siiweki. Ile Glock ina usalama tatu ndani yake, zote zinafanya kazi kwa kutegemeana na vipande hivyohivyo unavyochokonoa. Ukitaka ulaini wa bure, toa konekta ya kiwandani na ule mkono wa triga, ng'arisha sehemu zinazosuguana kwa dawa ya kung'arishia vyuma na kitambaa. Kung'arisha, sio kusaga. Ukiona mtu kashika tupa, mnyang'anye.

Na ikigoma renji usiivute haraka kama ulivyofanya. Mashindanoni sawa, ndiyo mchezo. Ila mazoezini elekeza kwenye shabaha, hesabu hadi thelathini, ndipo ufungue. Kuna risasi zinachelewa.

Mzee_wa_Mgulani
Bado swali langu.

MpigaManati_HTX
Mzee wangu, umenibana. Kabla ya kubadilisha kitu niliipiga boksi moja. Risasi 50. Nilikuwa na haraka ya vipuri.

Mzee_wa_Mgulani
Hamsini. Ulimpeleka fundi mgonjwa ambaye hujamuuliza anaumwa wapi.

fundi_bisibisi
Dah mzee kamaliza mchezo.

Otis_Mpls
Mzee apewe maua yake. Lakini pia bro tuambie, huo mtutu wa kugeuzia unafanya aje? Wengi wanasema unakataa kutoa maganda.

MpigaManati_HTX
Otis, kwangu risasi 300 za mwanzo maganda yalikuwa yananiruka usoni, mawili yalikwama wima mlangoni mwa slaidi. Kile kijino kinachovuta ganda ni cha .40, hakishiki 9mm kwa ukamilifu. Kuna wanaobadilisha kijino na ile chuma ya kurushia ganda iliyo ndani ya fremu. Mimi nilichofanya ni kulainisha tu, nikaacha risasi dhaifu nikatumia zenye nguvu ya kawaida, sasa zinaruka kulia zinavyotakiwa. Mara moja moja bado moja inanigonga kofia.

Mzee, nimekusikia. Wiki hii nimerudisha springi ya pini ya kiwandani, nimerudisha konekta ya kiwandani baada ya kuing'arisha kama Dada alivyosema. Seti ya dola 39 imo kwenye bati la biskuti pamoja na vifungo vya mashati. Kisha nikarudisha mtutu wa .40, nikanunua risasi 200, nikaenda peke yangu asubuhi. Yadi kumi na tano, polepole, mikono miwili.

Mia mbili, hakuna iliyogoma hata moja. Na nimegundua kitu: zote zinakwenda chini kushoto. Na .40 chini kushoto, na 9mm chini kushoto. Nilikuwa nimepanga kuisogeza saiti ya nyuma.

DadaWaRenji
Usiguse saiti! Una mkono wa kulia?

MpigaManati_HTX
Wa kulia.

DadaWaRenji
Basi unaubana mkono mzima wakati unavuta triga, mdomo wa bastola unazama kushoto kabla risasi haijatoka. Hakuna kipuri cha hilo. Hakikisha chemba tupu, angalia kwa macho, ingiza kidole uguse, risasi zote ziwe chumba kingine. Weka shilingi juu ya slaidi nyuma ya saiti ya mbele. Vuta triga shilingi isianguke. Mara ishirini kila usiku.

Na kwa vile Glock inabidi uvute triga ndipo uifungue kusafisha, hapohapo ndipo watu wanapiga televisheni zao. Nimeona ukuta wa mtu. Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi. Ukigeuza mpangilio, slaidi inapakia risasi mpya kutoka magazini na wewe unadhani iko tupu.

MpigaManati_HTX
Nimeanza dada. Shilingi sina, natumia senti moja ya Lincoln. Usiku wa kwanza imeanguka mara 14 kati ya 20. Jana 6. Binti yangu ndiye anayehesabu akiwa amekaa nyuma yangu, kila ikianguka anapiga kelele "baba umeshindwa!"

Mashindano mengine ni Jumamosi ijayo, nitaingia na .40 yenyewe. Kuna daraja la Limited ambamo .40 inahesabiwa alama za juu: uzito wa risasi mara kasi yake, ugawe kwa elfu, ukifika 165 uko ndani. Zangu ni za greini 180, zikienda futi 950 kwa sekunde ninapata 171. Mtutu wa 9mm nitautumia mazoezini, ndiko pesa inakookolewa.

fundi_bisibisi
Kwa hiyo baada ya yote hayo umerudi kwenye bastola ileile ya dola 319.

MpigaManati_HTX
Yenye saiti mpya, springi mpya na tyubu ya baiskeli, mkuu. Usiidharau tyubu.

Otis_Mpls
Tupe matokeo Jumamosi.

MpigaManati_HTX
Wakuu, mrejesho wa mwisho. Vituo vinne, hakuna kugoma. Nimeshika nafasi ya 19 kati ya 31, mara ya kwanza sijawa kwenye tano za mwisho. Bado chini kushoto, ila sasa ni kushoto kwenye shabaha, sio kushoto kwenye mbao.

Na ile skrubu ya saiti ya mbele imepatikana. Nimeamka alfajiri kwenda kutawadha, peku, gizani. Nimeikanyaga.